Kisamvu cha Vunjajungu

Jumanne, 18 Septemba 1973

Balaa! Shemegi Abdulwakil kapiga simu. Simu yenyewe iko ukumbini chini, kwa hiyo nyumba nzima imenisikia nikisema naam, naam, karibu sana, kwa sauti ya mtu anayekanyagwa kidole.

Anakuja Jumapili. Kajialika mwenyewe karamu ya vunjajungu kwetu, kwa kuwa Ramadhani inaingia wiki ijayo. Akishakula, atamchukua dada yake, yaani mke wangu Ummukulthum, ende naye kwake Croydon akapumzike mwezi mzima. Kupumzika! Namjua Abdulwakil. Ramadhani itazaa Idi, Idi itazaa baridi, na baridi itazaa mwache tu abaki mpaka joto lirudi. Mwaka jana alichukua redio yangu akaitengeneze. Sijaisikia tena.

Na ana haki. Hilo ndilo linaloniuma. Ummukulthum hali. Asubuhi chai na mkate, jioni mkate na chai. Hapiki tangu mwaka juzi. Hacheki. Daktari kampima damu, kampima kifua, kasema mama huyu mzima kabisa. Mzima! Mwanamke ambaye akicheka kule kwetu Malindi, Unguja, majirani walikuwa wakicheka na wao bila ya kujua kuna nini.

Nimemuuliza kama anataka kwenda kwa kaka yake. Kasema, kama mtakavyo. Hana hata sanduku la kufunga, maana lake halijapakuliwa tangu tufike London mwaka wa sitini na sita. Anatoa nguo, anavaa, anafua, anairudisha mle mle na kubana kufuli.

Nikiachwa peke yangu katika chumba hiki nitakufa. Naandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma.

Jumatano, 19 Septemba

Nina mpango!

Asubuhi nimemuuliza Ummukulthum, angepewa chakula chochote duniani, angekula nini. Akafikiri mpaka chai yake ikapoa. Akasema kisamvu. Cha nazi. Halafu akatazama dirishani akasema, lakini wapi.

Wapi! Kwa Jaffar hakuna wapi. Abdulwakil atakuja na kuku wake wa kuoka na gari lake na tai yake ya ofisini. Mimi nitaweka kisamvu mezani. Ummukulthum atakula. Abdulwakil atamwona anakula. Atarudi Croydon na kiti kitupu ubavuni. Mpango safi, hauna hata ufa.

Baada ya kazi nimekwenda dukani kwa Vinod. Vinod katoka Nairobi miaka mitano iliyopita na anajidai kuwa na kila kitu. Nikamwomba kisamvu. Akacheka mpaka akashika mizani asianguke. Kaniuliza kama nadhani muhogo unapanda ndege kuja huku Neasden. Wateja wengine nao wakacheka. Nikamwambia kwa heshima kwamba iko siku. Nikanunua vipande vinne vya nazi ya kugandisha, kwa imani tu, nikatoka kifua mbele.

Sasa nina nazi. Kilichobaki ni kisamvu.

Alhamisi, 20 Septemba

Mungu hamtupi mja wake! Nimekipata! Na wapi? Nyuma ya nyumba yangu mwenyewe!

Nilikuwa uani naanika nguo. (Ndiyo, mimi ndiye ninayeanika. Abdulwakil asijue.) Jirani yetu Bi Ann alikuwa ndani ya kibanda chake cha vioo. Bi Ann ni mjane wa Kiingereza, ana miaka sabini na kitu, na duniani hana mtu ila chiriku wa manjano anayeitwa Kapteni. Kila mwaka anapanda miti mitano sita kutokana na mbegu zinazodondoka kizimbani kwa Kapteni, maana anasema mbegu za dukani zimechacha na ndege wake anastahili mpya. Leo ndiyo siku ya mavuno. Kavikata vichwa vyenye mbegu, kavitundika kambani vikauke, amekaa na mkasi wa kucha anavipunguza majani. Majani yanaingia guniani.

Nikayaona yale majani. Vidole vitano. Vidole saba. Yamekunjuka kiganja kizima.

Kisamvu!

Nikamuuliza mti huu unaitwaje. Akasema hajui, kwake yeye ni mti wa Kapteni. Nikamuuliza majani anayafanya nini. Akasema hayana kazi, ni mabaki tu, yanakwenda kwenye lundo la mbolea. Hayana kazi! Waingereza hawa walitutawala miaka yote ile, na kisamvu wanakitupa! Nikamuuliza kama ni sumu. Akasema Kapteni anaula mti huu mwaka wa tisa sasa, na anaimba mpaka jirani wa pili anagonga ukuta. Ushahidi tosha.

Nakiri nilisita kidogo. Kingo za majani zina meno meno. Harufu nayo si ile. Nikang'oa shina moja nitazame muhogo wake, nikakuta vizizi kama nyuzi. Lakini nikajiambia, mtu mwenyewe akikaa nchi hii miaka saba anabadilika, sembuse muhogo. Masikini, umekosa jua.

Kanipa gunia zima. Nimemshukuru mara nne.

Jumamosi, 22 Septemba

Siku ya kutwanga. Kinu hakuna. Nimetwanga ndani ya ndoo ya bati, kwa mguu wa meza. Meza sasa inaegemea dirisha.

Bahati Mansukh hakuwepo, maana angeingilia. Mansukh ndiye mpangaji mwenzetu wa chini, na jiko ni letu sote. Ni fundi cherehani wa Jinja. Mwaka jana walipofukuzwa Wahindi wote Uganda aliteremka hapa na cherehani moja na koti moja, na hilo koti si la kwake. Nampenda kwa sababu moja: tukigombana juu ya jiko, tunagombana kwa Kiswahili. Leo kaenda kupeleka suruali za watu. Kaniachia kopo lake la samli na ruhusa ya vijiko viwili. Nimetumia vijiko, siwezi kukumbuka vingapi.

Nimo katikati ya kutwanga, nainua kichwa, Ummukulthum kasimama mlangoni. Jikoni! Hajafika jikoni tangu mwezi wa tatu. Kauliza harufu gani hii. Nikasema ya Uingereza. Akachungulia ndoo. Majani yalikwisha pondeka, ukijani mtupu. Akasema natwanga kama mtu anayeua panya. Akaninyang'anya mguu wa meza, akatwanga mwenyewe, dakika tano hivi, kwa mpigo ule ule wa zamani. Kisha akanirudishia, akapanda juu.

Nimesimama pale na mguu wa meza, machozi yananitoka. Vitunguu nilikuwa sijakata bado.

Nimechemsha kwa muda wa saa mbili. Nikatia vitunguu, samli, nazi. Nikaonja, kichungu. Nikaongeza nazi. Nikaonja. Nikaongeza. Nimeonja kama mara tisa. Kisha nikakaa kidogo nitazame mvuke, nikaja kushtuka saa nzima imepita na mimi bado nautazama, na nimemaliza mkate wote wa nyumba. Uchovu wa jiko huo. Sasa naelewa kwa nini Ummukulthum aliacha.

Jumapili, 23 Septemba

Nimeshiba. Kalamu hii ni nzuri sana. Sikuwahi kuitazama vizuri. Nitaandika kesho.

Jumatatu, 24 Septemba

Sasa akili imerudi. Naandika yote kwa utaratibu.

Abdulwakil aliingia saa saba mchana na tai, na kuku. Kabla ya kuvua viatu alishika ukuta akasema Croydon hakuna unyevu. Alipoulizwa hali ya safari akasema Croydon barabara zake pana. Alipopewa maji akayainua mwangaani, akayatazama. Ummukulthum alikuwa tayari kavaa buibui. Sanduku liko mlangoni.

Nilimwalika na Mansukh, kwa sababu kisamvu hakina nyama na Mansukh hali nyama. Tukakaa chini wote wanne, meza ikiwa haina mguu. Nikafunua chungu.

Ummukulthum akachukua tonge. Akatafuna. Akatafuna tena. Mimi sipumui. Akasema kisamvu hiki kina ajabu yake, lakini nazi ni nazi. Akachukua tonge la pili! Abdulwakil alipoona hivyo akajipakulia, kwa wivu, akasema Croydon yuko mtu anayeleta kisamvu cha kweli kutoka Mombasa. Akamaliza. Akaongeza. Akaongeza tena, huku akieleza kasoro zake. Mansukh akatia kijiko kimoja mdomoni, akafumba macho. Akaniuliza mboga hii nimenunua wapi. Nikasema hiyo siri ya mpishi. Akanitazama sana, kisha akaendelea kula taratibu.

Ilikuwa tunakunywa chai. Abdulwakil alikuwa akitueleza habari ya pensheni yake, akanyamaza katikati. Akautazama mkono wake. Akatuuliza kama tumewahi kuona mkono unavyofanya kazi. Akaukunja, akaukunjua. Akavua tai akamvalisha Mansukh, akasema inamkaa zaidi. Halafu akaanza kulia kwa ajili ya jogoo. Kumbe mwaka wa arubaini na tisa alichinja jogoo wa shangazi yao kwa siri, akasingizia fungo kaingia bandani. Mtu mzima, karani wa ofisi kubwa, anamwomba radhi jogoo, na anamwomba kupitia birika la chai!

Ndipo Ummukulthum akacheka.

Kicheko kilianza mabegani. Nikadhani analia. Kisha kikatoka chote, kile cha Malindi, kile kile. Akasema kwa hiyo ni wewe, Abdulwakil, na mimi ndiye niliyechapwa kwa kuacha banda wazi! Akaanguka upande, akajishika mbavu. Mansukh akacheka, mimi nikacheka, kule kwa Bi Ann chiriku akaanza kuimba.

Na katika kucheka kule mimi nikaanza kulia. Sijui yalikotoka. Nikasikia mtu anasema, Ummu, hatutarudi. Nikageuka nione nani kasema. Mimi! Nikasema, nilikuambia miaka miwili tu, tukiweka akiba tunarudi. Nilijua tangu mwaka wa pili kwamba haitakuwa. Niliogopa kukuambia. Kila mwaka nikasema mwakani. Nikasema nyumba yetu wamo watu wengine, mlango wameupaka rangi ya buluu, barua ilikuja na mimi niliificha. Nikasema asubuhi nikipanda basi nakwenda kukaa ghorofa ya juu, kiti cha mbele kabisa, ili watu wasinione uso.

Kicheko kikakatika. Ummukulthum alinitazama muda mrefu, sijawahi kutazamwa vile tangu siku ya harusi. Kisha akaweka mkono kichwani pangu. Mbele ya kaka yake! Akaniambia pole, Jaffar. Miaka saba, pole. Halafu akauliza kama wali umebaki, akaula kutoka chunguni na ukoko wake.

Abdulwakil alilala mkekani mpaka saa kumi na moja, viatu kakumbatia. Alipoamka akasema atarudi kwa treni, kwa sababu usukani wa gari unamtazama vibaya. Akaondoka. Gari liko nje. Sanduku liko ndani. Na Ummukulthum yuko ndani!

Nimeshinda! Kisamvu kimeshinda! Ningeandika shajara hii kwa wino wa dhahabu.

Baadaye, siku hiyo hiyo

Nimekwisha.

Mansukh kaniita uani, tai ya Abdulwakil shingoni bado. Kaniomba nimwonyeshe gunia. Nikamwonyesha, maana limebaki nusu. Akachukua jani moja, akalinusa, akanirudishia kwa adabu. Akasema, Jaffar Bhai, hii ni bangi.

Nikamwambia bangi naijua, ni ile wanayovuta wahuni kwenye karatasi, kavu, ya kahawia. Akasema na chai nayo ikiwa mtini ni ya kijani. Akasema babu yake alikuwa akiyasaga majani kama haya kwa maziwa na lozi, usiku mmoja tu wa mwaka, sikukuu ya mungu wao Shiva, na hata watoto wakilambishwa kidogo. Ndiyo maana kaijua kwa kijiko cha kwanza.

Kijiko cha kwanza! Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akainamisha kichwa. Akasema mwaka mzima hajaota Jinja, hata mara moja. Na jana, pale mkekani, alikuwa amekwisha fika barazani kwao, mama yake anapepeta mchele. Hakutaka kuteremka.

Lakini lo! Mimi, Jaffar, nimemlisha mke wangu bangi. Siku tano kabla ya Ramadhani. Nimemlisha shemegi bangi! Na Mansukh anasema kwa gunia lile polisi hawaulizi mara mbili.

Jumanne, 25 Septemba

Gunia lazima liondoke. Mansukh alishauri tulimwage chooni kidogo kidogo. Nikamwambia aniachie mimi, mambo ya mipango nayaweza. Mpango: kulipeleka mchana kweupe kwenye lundo la mbolea la bustani za watu kule kando ya reli. Nani atamshuku mzee mwenye gunia la majani, kavaa koti na kofia?

Polisi! Kijana mrefu, masikio mekundu. Kanikuta nimepumzika njiani, gunia miguuni. Kaniuliza, mzee, nini hicho. Nikasema mboga. Nikaona haitoshi, nikaongeza, ya ndege. Akaniuliza linakwenda wapi. Nikamwonyesha. Akainama, akashika upande mmoja, akasema mtu wa umri wangu hapaswi kubeba hivi.

Tumelibeba wote wawili! Njia nzima ananieleza habari ya kabichi za babu yake, konokono wamezimaliza. Kanishauri nimwage maganda ya mayai. Nikasema nitamwaga. Yeye ndiye aliyelimimina gunia lundoni, akachanganya kwa mguu, akanusa, akasema hii itakuwa mbolea kali. Akanigusia kofia akaenda zake.

Nimekaa chini papo hapo, kwenye kabichi za watu.

Mansukh kakubali kwenda kumwambia Bi Ann. Karudi na biskuti. Bi Ann kasikitika sana kwa ajili ya Kapteni, na miti yote kaing'oa. Anauliza kama basi ndiyo maana ndege anaimba.

Limebaki moja. Kumwambia Ummukulthum.

Jumatano, 26 Septemba

Nimemwambia.

Nilitaka kungoja mpaka baada ya Idi. Idi kubwa. Lakini asubuhi nimemkuta anachambua mchele. Mwenyewe, bila ya kuambiwa. Nikaona siwezi kumwacha mtu anayechambua mchele ndani ya uongo. Nikapiga magoti, nikamweleza tangu chiriku mpaka polisi.

Akaendelea kuchambua. Chuya, chuya, punje. Nikasema moyoni, basi, Croydon.

Akasema, mchuma janga hula na wa kwao. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Kacheka! Na hapa hakula kitu ila chai na mkate! Akasema Abdulwakil, yule Abdulwakil wa tai, na jogoo, na birika! Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akaniambia nimwombe Mungu msamaha, na yeye kanisamehe, kwa kuwa sikujua. Na nimwombe Abdulwakil msamaha, kwa mkono wangu mwenyewe.

Halafu akasema neno ambalo naliandika kama lilivyo. Kasema, Jaffar, si majani yaliyonifungua, majani yalikufungua wewe mdomo. Miaka saba mimi nimekaa kituoni nangoja treni uliyoniambia inakuja. Mtu hapiki kituoni. Ungeniambia mwaka ule wa pili kwamba haiji, ningelia mwezi mmoja, kisha ningetandika kitanda.

Nikasema, niliogopa ungelia. Akasema ndiyo, ningelia, kwani nimefanya nini miaka yote hii?

Mchana kafungua sanduku. Nguo zimeingia kwenye kabati. Chini kabisa, ndani ya kanga mbili ambazo hazijaguswa, imo mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi yetu ya Malindi! Miaka saba tunakula nazi ya kugandisha na mbuzi imo chumbani! Nikamuuliza. Akasema hii ilikuwa ya kukunia nazi siku tukirudi. Akashuka nayo jikoni, akaiweka chini karibu na kibao cha chapati cha Mansukh. Akasimama akaitazama. Mimi nikamshika mkono.

Ijumaa, 28 Septemba

Ramadhani mosi. Ummukulthum kapika uji wa pilipili manga na tambi za nazi, nazi ya kweli kutoka kwa Vinod, kaikuna mwenyewe. Mansukh hafungi, lakini kaingia magharibi ilipoingia, kasema anakuja kutuunga mkono. Kala sahani mbili za tambi kwa kutuunga mkono.

Abdulwakil kapiga simu. Nikajua leo ndiyo leo. Kumbe anasema tangu Jumapili hajalala usingizi mzuri kama ule, na mgongo wake uliomsumbua miaka minne umenyamaza. Anataka kujua kisamvu nimekitoa wapi, mkewe naye akipike kwa futari. Nikasema msimu umekwisha. Akasema yuko tayari kuagizia. Nikasema Waingereza wamekiondoa. Akasema serikali hii haifai.

Barua ya msamaha nimeiandika, kurasa tatu. Iko tayari. Sijatia stempu. Ummukulthum kaniuliza kama nimeipeleka. Nikasema iko njiani. Kwa maana kwamba iko mfukoni mwa koti, na koti linakwenda kazini kila siku.

Jumapili, 30 Septemba

Nimefikiri sana maneno ya Ummukulthum, yale ya kituo na treni. Maneno mazito. Mwanamke mwenye adabu yule, hataki kunisifia upishi nikavimba kichwa. Lakini mimi si mtoto. Aliyekuwa hali, alikula. Aliyekuwa hacheki, alicheka. Alikula kwanza, akacheka baadaye. Ni chakula! Kosa lilikuwa la aina ya jani tu, mpango wenyewe haukuwa na ufa.

Nayasema haya kwa sababu leo, anakunja nguo, kasema zambarau. Hakuniomba. Kasema tu kwamba mwezi kama huu kule kwetu hakuna zambarau, na hata hivyo amezikumbuka. Akaendelea kukunja. Mimi nimeketi kitandani, moyo umenijaa. Miaka saba hakuniambia kitu anachokikumbuka.

Nimetoka mara moja. Nimetembea kando ya reli mpaka kule daraja la pili. Na huko kichakani, kwenye miiba, nimeziona! Nyeusi, zina vumbi la kibuluu, za mviringo, zimening'inia. Umbo la zambarau lile lile, ila dogo. Masikini, zimekosa jua. Nimejaza kofia. Siwezi kuonja, nimefunga, kwa hiyo nitazionjea futarini pamoja na wote. Abdulwakil anakuja leo kuchukua gari lake. Nimeziosha, nimezipanga kwenye bakuli zuri, nimezifunika kwa kitambaa ili Ummukulthum azifunue mwenyewe.

Wala asiseme mtu kwamba Jaffar hajifunzi. Safari hii nimemwonyesha Mansukh kwanza. Kaichukua moja, kaigeuza, kainusa, kaitazama mwangaani, kasema Jaffar Bhai, hii siijui kabisa. Alhamdulillahi! Ile mbaya aliijua mara moja.